Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Portmeirion na Yatokanayo

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mtasomewa na mhazini, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitajikita kwenye jambo lililokula muda na fedha zetu kuliko mengine yote, yaani safari ya Portmeirion, kijiji cha kaskazini mwa Wales ambako tamthilia yetu, The Prisoner, ilipigwa picha, pamoja na ubishi uliozuka baada ya kurudi: safari ijayo iwe ya wapi?

Kwa waliojiunga karibuni, nieleze kidogo. The Prisoner ni tamthilia ya televisheni ya Uingereza. Ilianza kuonyeshwa Septemba 1967, ikamalizika mapema 1968. Ni sehemu 17 tu. Patrick McGoohan anaigiza mtumishi wa idara ya siri anayejiuzulu ghafla, anapuliziwa gesi nyumbani kwake London, kisha anazindukia Kijijini, mahali penye bustani, bendi na nyumba za rangirangi, ambapo kila mtu huitwa kwa namba na hakuna anayeruhusiwa kuondoka. Yeye ni Namba Sita. Katika sehemu mojawapo anadanganywa kwamba Kijiji kiko Lithuania. Watazamaji wa wakati ule nao waliachwa gizani: jina la Portmeirion halikuandikwa kwenye skrini mpaka mwanzoni mwa sehemu ya mwisho kabisa. Waliokuwa wamewahi kutembea kaskazini mwa Wales walipatambua mapema, bila shaka, lakini wengine wote walisubiri.

Sisi hatukuhitaji kusubiri. Tulishuka garimoshi kituo cha Minffordd, tukaburuta mabegi mwendo wa kama maili moja, na mara tukawa chini ya lango.

Nilichosikia kwa wengi saa ile ya kwanza ni neno moja: padogo! Ni kweli. Kutoka ule mnara wa kengele hadi baharini ni mteremko mfupi tu. Kwenye tamthilia Namba Sita hukimbia na kukimbia, anapanda ngazi, anapita chini ya matao, anatokea kwenye uwanja. Ukiwa pale unagundua amezunguka pale pale, na kwamba kamera imehama upande tu. Baadhi yenu mlivunjika moyo, na mlisema hivyo kwenye fomu za maoni. Mimi naona hapo ndipo safari ilipolipa. Kuona kwa macho yako jinsi kona tatu zilivyogeuzwa mji mzima ni somo ambalo huwezi kulipata ukiwa umekaa mbele ya televisheni.

Tena udanganyifu huo haukuanza na watu wa televisheni. Mbunifu majengo Clough Williams-Ellis alinunua rasi ile mwaka 1925 kwa pauni zisizofika 5,000, akafungua hoteli Pasaka ya 1926, na akaendelea kuongeza majengo hadi katikati ya miaka ya 1970, akiwa ameshavuka umri wa miaka 90. Alitaka kuthibitisha kwamba mahali pazuri panaweza kujengwa bila kuharibiwa. Madirisha kadhaa si madirisha. Ni rangi iliyopakwa ukutani. Nyumba zimepunguzwa vipimo ili zionekane ziko mbali na ni kubwa kuliko zilivyo. Na vipande vingi ni vya majengo yaliyokuwa yanabomolewa kwingine. Safu ya nguzo iliyoletwa kutoka Bristol mwaka 1959 ilijengwa kwanza huko miaka ya 1760. Dari ya ukumbi wa Hercules ilitolewa kwenye jumba la Emral lililokuwa likivunjwa, naye aliinunua mnadani kwa pauni 13. Lile kuba la kijani, makao ya Namba Mbili, yaani mkuu wa Kijiji katika tamthilia, mbele yake pana mlango wa fahari wa mawe mekundu. Ule si mlango hata kidogo. Ni sehemu ya juu ya meko kubwa iliyotoka kwenye jumba jingine! Mwenzetu mmoja alisimama pale akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Ukiingia ndani ya kuba, usitarajie kiti cha duara wala ile skrini kubwa. Mambo ya ndani yalipigwa kwenye studio za MGM huko Borehamwood, karibu na London. Wapiga picha walikuja Portmeirion Septemba 1966, na matukio mengi ya baadaye yakamaliziwa studio, pengine kwa mtu wa kuigiza hatari, Frank Maher, kuvaa koti la McGoohan na kupigwa picha kwa mgongo. Tuliotazama tena sehemu za mwisho usiku wa kabla ya kuondoka tuliyaona hayo wazi. Ndiyo maana kamati inapendekeza kila safari itanguliwe na utazamaji wa pamoja. Waliofika bila kutazama walibaki kupiga picha za maua. Maua ni mazuri, sikatai.

Jambo la pili nililojifunza ni saa. Mchana Portmeirion ni ya mabasi: foleni ya aiskrimu, watoto juu ya ile mashua ya mawe, na kijumba cha Namba Sita, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa duka la kumbukumbu za tamthilia, hakina hata pa kugeukia. Jioni wageni wa kutwa wakishatoka, wanaobaki ni waliolala hotelini na kwenye nyumba za ndani. Hapo ndipo unapokisikia Kijiji. Malazi ya ndani ni ghali, mhazini atawathibitishia bila furaha, lakini nashauri usiku mmoja ndani badala ya siku kadhaa za kuingia na kutoka kwa tiketi ya mchana.

Sasa nidhamu. Mchanga ule mnaouona Namba Sita akifukuzwa na lile puto jeupe upo, na ni mpana ajabu maji yakipwa. Ni mlango wa mto Dwyryd, na maji yanapojaa hayaji kwa mstari kutoka mbele. Yanapitia vijito vya pembeni na kukuzunguka nyuma kabla hujajua. Siku za bamvua ni hatari zaidi. Tulikuwa na wenzetu waliotaka kuigiza mbio zile hadi mbali kabisa, na mratibu wa safari aliwakatalia. Nilimuunga mkono palepale na ninamuunga mkono leo. Kuanzia sasa hakuna atakayeshuka mchangani kwa jina la chama bila ratiba ya kujaa na kupwa kwa maji mkononi.

Makoti meusi yenye ukingo mweupe, kofia za majani makavu na miavuli yenye mistari, vaeni mpendavyo. Ila tusiwasimamishe wageni wengine kutaka wajibu ile salamu ya vidole jichoni. Wengi wao hawajawahi hata kuisikia tamthilia.

Nije kwenye ubishi. Kundi moja linataka safari ijayo iwe ya London na viunga vyake. London nakubali, kwa nusu siku. Nyumba ya Namba Sita inaonekana pale Buckingham Place, na njia anayoteremka akiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya chini ya ardhi ya Abingdon Street, iko hatua chache kutoka Bungeni. Unaweza kuunganisha vyote kwa miguu. Sharti ni kwamba tupige picha tukiwa barabarani, na kengele ya mtu asiyetualika isiguswe. Borehamwood sikubali. Studio zile za MGM zilifungwa mwaka 1970 na kubomolewa. Kusafirisha watu wakatazame mahali palipokuwa na kitu ni kutumia vibaya ada zenu.

Kundi la pili lina hoja ambayo mwanzoni niliipuuza kwa sababu ya ushabiki: Swakopmund, Namibia. Tamthilia mpya ya mwaka 2009, ile ya sehemu sita yenye Jim Caviezel na Ian McKellen, ilipigiwa huko, Kijiji kikiwa kimezungukwa na jangwa badala ya bahari. Najua wengi wenu hamuipendi ile ya 2009. Mimi pia siipendi sana. Lakini tunazungumzia mahali, na mji wenye majengo ya Kijerumani ya enzi ya ukoloni, uliobanwa kati ya jangwa la Namib na Atlantiki, ni chaguo la akili kwa hadithi ya mtu asiye na pa kutorokea. Tena kwa sisi tunaoishi barani Afrika hesabu ya nauli inabadilika. Mwaka huu wapo wanachama waliolipa kila kitu, viza zao zikatoka tumeshaondoka. Kamati imewarudishia sehemu yao ya malazi. Nauli ya ndege haikurudi.

Baada ya taarifa hii utafuata uchaguzi. Walioitazama sehemu iitwayo Free for All, ambamo Namba Sita anagombea nafasi ya Namba Mbili na kushinda kwa kishindo, wanajua kilichompata. Pamoja na hayo, nagombea tena.

Kabla ya uchaguzi huo, kamati inaomba mpige kura juu ya hoja mbili. Ya kwanza, kwamba utazamaji wa pamoja na kanuni ya maji viingizwe kwenye taratibu za safari. Ya pili, kwamba safari ijayo iwe Swakopmund, na nusu siku ya London isubiri mwaka utakaofuata pamoja na marudio ya Portmeirion. Makadirio ya gharama za safari zote mbili yamo kwenye jedwali la mhazini, ukurasa wa mwisho.