Okei, mto na amerikani ya Bibi

Louisville, Kentucky
Jumapili usiku

Babu mume wangu,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Sauti uliyonitumia kwa simu ya Mjomba nimeisikiliza mara tatu: mbili za kucheka, moja ya kutafuta jibu. Eti, "Hiyo okei yenu ya kila dakika ni Kiingereza gani? Mbona sisi mwalimu hakutufundisha?"

Hakuwafundisha kwa sababu ilianza kama mzaha. Miaka ya 1830 wenye magazeti wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno huku wakiyaandika kwa makosa ya makusudi, kama wajukuu zako wanavyoandika "xaxa" badala ya "sasa". "All correct", yaani yote sawa, wakaigeuza "oll korrect", wakabakiza herufi ya mwanzo ya kila neno, o.k. Ikachapwa gazetini tarehe 23 Machi 1839. Mizaha mingi ya aina hiyo ilikufa, ila hii ilipata bahati. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, kwa hiyo wakamwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Wafuasi wake wakaanzisha vilabu vya O.K. Mzee akashindwa uchaguzi, neno likashinda. Aliyeyafukua haya ni msomi mmoja, Allen Walker Read, aliyepekua magazeti ya kale na kuyatangaza aliyoyaona miaka ya 1960. Kabla yake kila mtu alikuwa na hadithi yake, na zote tamu. Siku hizi nikisikia asili ya neno ni tamu mno, naitilia shaka kwanza.

Haya, cheka na hili. Mwezi wangu wa kwanza kazini, kule kwenye ghala la vifurushi, nilimkaribisha msimamizi wangu pilau nyumbani. Akatabasamu: "I'll take a rain check." Mvua naijua, cheki najua ni hundi. Nikasema moyoni, huyu kumbe ana desturi ya kuja na zawadi. Nikapika sufuria zima, nikatandika meza, nikakaa. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Jumatatu nikamnunia, wala hakujua kosa lake. Mwenzangu mmoja, Mkongo wa Uvira, alipopata habari alicheka hadi akakalia boksi la watu. "Dada, alikukatalia kwa adabu!" Ni neno la besiboli. Tangu miaka ya 1880, mvua ikivunja mechi, mtazamaji alipewa tiketi ya kurudi siku nyingine. Basi asemaye hivyo anasema: leo siwezi, niwekee. Na mji wenyewe ndio huu wa besiboli: mtaa wa Main kuna kiwanda cha magongo, na ukutani limeegemezwa gongo la chuma la futi 120, Babu. Hakuna mnazi Pangani unaolifikia.

Hata New York kuitwa Tufaha Kubwa kumetokana na michezo, mbio za farasi. Mwandishi John J. Fitz Gerald alilisikia miaka ya 1920 kwa watunza farasi weusi kule New Orleans, ambao kwao kupeleka farasi New York ndiyo ilikuwa tunda lenyewe. Alikiri gazetini kwamba neno ni lao. Majina yao hakuyaandika.

Lakini msemo ulioninyima usingizi ni mwingine. Walipotubadilishia zamu bila kutuambia, mzee mmoja kazini alisema: "They sold us down the river." Wametuuza huko chini mto unakoteremkia, yaani wametusaliti. Nikadhani ni maneno ya hasira tu. Siku moja natembea mjini, nikakuta kibao barabarani kinachoeleza biashara ya watumwa iliyokuwa hapa hapa. Na mto ni huu wa Ohio ninaouvuka kila wiki. Ukisimama ukingoni unaiona Indiana ng'ambo, kama unavyoiona Bweni, ng'ambo ya mto wetu wa Pangani, ukisimama kwenye pantoni. Upande huu utumwa ulikuwa halali, upande ule ulipigwa marufuku. Mashamba ya pamba ya kusini yalipotaka watu, mabwana wa Kentucky wakawauza wao. Wakashushwa kwa meli za mvuke hadi mto Mississippi, hadi Natchez na New Orleans. Mama aliyeuziwa mwanawe huko chini alimlilia kama maiti. Katiba ya Marekani ilikomesha utumwa mwaka 1865, lakini bunge la Kentucky halikuidhinisha badiliko hilo hadi 1976. CCM ilikuwa imebakiza mwaka mmoja kuzaliwa!

Sasa sikiliza, Babu. Pamba ile ilipelekwa viwanda vya Massachusetts, ikafumwa kitambaa kigumu kisichopaushwa. Seyyid Said alikuwa ameshafunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na meli za Salem zikakileta kitambaa hicho Unguja, zikirudi na pembe za ndovu na sandarusi, ile gundi ya miti. Watu wetu wakakipa jina la kwao: amerikani. Misafara ya kutoka Pangani na Bagamoyo ilikibeba bara kama fedha. Kilinunua pembe, na kilinunua watu. Wale waliouzwa kuteremka na mto huu ndio waliolima pamba iliyowanunua wale walioshushwa mpaka mtoni kwetu. Jumba lile la watumwa la ufukweni ulilonionyesha nikiwa darasa la nne, ukanikataza kulichezea, nimelikumbuka nikiwa nimesimama mbele ya kibao cha Louisville na mfuko wa nyanya mkononi.

Muulize Bibi kama bado anacho kile kipande cha amerikani alichofungia msahafu. Alikuwa akisema alikirithi kwa mama yake. Mjomba akipige picha anitumie, na upindo wake uonekane. Asikifue.

Hela ya dawa nimeituma kwa namba ya Mjomba, ukimwona anakwambia haijafika, nipigie. Na Bibi asinionee wivu, mimi ni mke wa mbali.

Mjukuu wako