Yah: Sultani kafa au hajafa? Malalamiko juu ya kipande cha mwisho mlichotukatia

Ngamiani, Tanga
Jumatatu

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Salamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, na huu ni mwaka wa 4 nalipia king'amuzi chenu. Sijawahi kumwandikia mtu barua ya malalamiko. Hata aliyeniharibia kitenge cha mteja nilimalizana naye barazani. Ila hili la Ijumaa usiku limenishinda. Nimewapigia simu mara 3, na mara zote kapokea binti mwenye sauti nzuri, kaniambia, "Mama, tamthilia imeisha." Kuisha najua imeisha. Ninachouliza ni imeishaje.

Nasema ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman na mkewe Hürrem mnayoirudia kila siku ya kazi saa 3:00 usiku. Nyumbani kwangu tunapanga siku kwa kuifuata. Chakula kinaliwa kabla. Anayetaka kupimwa gauni aje mchana. Watoto wa jirani wakimwona mama mkwe anatoka chumbani wanapaza sauti "Desturiii!", kama yule bawabu anavyotangaza kwamba Sultani anaingia, na mama naye, Mungu amweke, ananyoosha shingo na kupita taratibu kama Valide, mama wa Sultani, mwenyewe. Neno hilo tulilipenda mara moja kwa sababu ni letu pia. Kwao ni "pisheni njia", kwetu ni mila, na kwa mama mkwe wangu hayo mawili hayapishani sana.

Huyu mama kwao Pangani. Alikuja kwangu mwezi wa Ramadhani kutibiwa macho. Macho yakapona, akasema harudi mpaka ajue Sultani ameishia wapi. Naomba hilo mlikumbuke, nitalirudia.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kipande cha mwisho. Mliitangaza wiki nzima, mpaka kwenye ujumbe wa simu. Niliazima viti vya plastiki kwa jirani anayekodisha vya harusi. Watu walikuwa 17 bila kuhesabu watoto, maana hao walijaa chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Kahawa ilichemshwa, kashata sahani 2. Saa 3:00 ikafika, mpira haujaisha. Sina ugomvi na mpira, mume wangu yumo humo humo. Lakini zikaja dakika za nyongeza, zikaja penalti, kisha wakaketi mabwana watatu kutueleza penalti ambazo wote tulikuwa tumeziona. Tamthilia ikaanza saa 3:27. Niliandika kwa chaki ya kushonea pembeni mwa meza, na mpaka leo ipo, sijaifuta. Ukitoa matangazo ya sabuni yaliyopita mara 2, tulichotazama hakifiki nusu saa.

Maana saa 4:00 kamili mlikata. Sultani yumo hemani, vitani kule Szigetvár, Hungaria, mgonjwa, mzee, nje mizinga inapiga ngome. Mama mkwe keshashika tasbihi. Shoga yangu mmoja alikuwa anatafuna kashata, akaacha kutafuna na kipande kimo shavuni. Sultani akafumba macho. Na hapo hapo ukapiga muziki wa taarifa ya habari.

Hakuna aliyesema kitu. Kisha mama mkwe akauliza, "Kafa au hajafa?"

Kijana wangu wa kidato cha 4 akajibu kuwa kafa, mwaka 1566, kitabuni imo. Mama akamwambia, "Sikuulizi ya kitabuni. Nakuuliza ya hapo." Na mama ana haki. Mtu tumekaa naye usiku baada ya usiku miezi yote hii. Tumemwona akipanda farasi kijana wa miaka 26, tumemwona akiwanyonga aliowapenda, halafu dakika yake ya mwisho tuisome kitabuni?

Siku zilizofuata ndipo balaa lilipoanza. Wako walioitafuta kwenye simu zao wakaiona nzima kwa Kituruki, na wako tulioachwa pale mlipotuacha. Sasa watu wanagombana juu ya mwisho ambao nusu yao hawakuuona. Wifi yangu anasema tamthilia ilikufa zamani, alipoondoka Meryem Uzerli, aliyekuwa akiigiza Hürrem, mwaka 2013, karibu msimu wa 3 uishe, akaletwa Vahide Perçin awe Hürrem wa uzeeni. Hakumkubali hata siku moja, anamwita "yule mgeni". Hürrem wa huyo mgeni alipokufa, wifi akawa anakuja kwa ajili ya kahawa tu. Kwake yeye hakuna mwisho wa kulalamikia.

Shangazi yake mume wangu ana hasira nyingine. Yeye alikuwa wa Mustafa, mtoto wa Sultani. Usiku ule Mustafa alipoitwa kwenye hema la baba yake akakutana na wale mabubu wenye kamba, shangazi alizima televisheni kwa mkono, hakungoja rimoti. Kule Uturuki kipande hicho kiliporushwa, Februari 2014, watu walifunga safari kwenda Bursa kuzuru kaburi la Mustafa halisi, aliyenyongwa mwaka 1553. Ngamiani hatuna Bursa ya kwenda. Shangazi alisoma Yasini pale pale kwenye mkeka. Tangu hapo alikuwa akingoja kitu kimoja tu, Sultani afe naye ajue alichofanya. Mlipokata akasema, "Hata hilo wamenidhulumu."

Mimi mwenyewe niko kati. Wanaosema ladha ilipotea baada ya mwandishi wa mwanzo, Meral Okay, kufariki Aprili 2012, sikubaliani nao. Hilo la Mustafa liliandikwa baada yake, na sijaona kilichoandikwa vizuri kuliko hilo. Kilichonikaa kooni ni Selim. Kati ya watoto wote wale anabaki yeye, mpenda mvinyo! Mustafa kanyongwa, Cihangir kafa kwa majonzi, Bayezid kakimbilia Uajemi na huko akauawa pamoja na wanawe mwaka 1561. Tumelia na wote hao ili kiti akikalie Selim. Niliingia jikoni nikaosha vikombe visafi. Lakini hili siwalaumu nyinyi wala watunzi, ndivyo ilivyokuwa. Kijana wangu anasema mtoto wa huyo Selim, Murad wa 3, ndiye aliyekuwa kwenye kiti Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alipokamatwa na Wareno pale Mombasa mwaka 1589. Kwa hiyo ukoo huo ulifika mpaka karibu na mlango wetu, na huenda ndiyo maana tunawasema kama jamaa.

Najua pia mtaniambia watazamaji hawaridhiki. Ni kweli. Tamthilia hii ilipoanza mwanzoni mwa 2011, Waturuki walipeleka malalamiko zaidi ya 70,000 kwenye baraza lao la utangazaji, eti Sultani anaonyeshwa na vikombe na wanawake. Mwaka 2012 Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, akasema Sultani wanayemjua wao alikaa miaka 30 juu ya farasi. Na bado iliendelea mpaka Juni 2014. Wao walilalamika kwa walichokiona. Sisi tunalalamika kwa ambacho hatukukiona, na ndiyo tofauti ninayotaka muielewe.

Maana mkato huu si wa watunzi. Kipande kimoja cha Kituruki kinakwenda saa 2 hivi. Wakiuza nje hukipasua vipande vya kama dakika 45. Hilo tumelizoea, tunajua kabisa hadithi ikikatika Jumatano itaungwa Alhamisi. Ila baada ya kipande cha mwisho hakuna Alhamisi. Jumamosi saa 5:00 asubuhi, penye marudio, tulikaa tena, safari hii watu 9, tukaletewa mwanzo wa tamthilia mpya ya vijana wanaokimbizana na magari. Mama mkwe aliitazama dakika 10 akingoja Sultani atokee.

Waziri mkuu wake, Sokollu Mehmed Pasha, alificha kifo cha Suleiman kwa wiki kadhaa. Alikuwa na sababu: jeshi lilikuwa vitani, na Selim alikuwa hajafika. Nyinyi mmekificha kwa sababu gani? Taarifa ya habari yenyewe ilianza na mvua, na mvua tulikuwa tunaisikia juu ya bati.

Mwenye jawabu la heshima angesema samahani. Yule binti wenu mara ya 3 aliniambia niangalie mtandaoni. Mama yangu, mimi nimelipa kifurushi cha mwezi mzima, halafu ninunue na bando la kumalizia? Na huko mtandaoni ni Kituruki kitupu. Mama mkwe hasomi maandishi ya chini, na kilichomweka yeye kwenye kiti ni Kiswahili. Hapo niwape haki yenu, sauti zile zinapendeza. Sultani akikasirika kwa Kiswahili, hata paka wangu anatoka uvunguni. Ndiyo maana inauma. Mtu aliyefanya kazi ile studio, akasema maneno ya mwisho ya Sultani kwa lugha yetu, kazi yake mmeifunika na muziki wa habari.

Ninachoomba ni hiki. Kirusheni kipande cha mwisho tena, chote, kuanzia mwanzo mpaka majina yapite. Mkitangaze siku 2 kabla ili nipate kuazima viti. Msikiweke nyuma ya mpira wowote, hata wa kirafiki. Wala kisigongane na swala ya Isha, maana mara ya mwisho mlipobadilisha saa, wanaume wote wa baraza la kwetu walisali mbio mbio, imamu akawasema. Pesa za kifurushi sitaki mnirudishie. Wifi yangu anataka, lakini wifi hata Hürrem wa pili hakumtaka.

Mkiweza iwe kabla ya Alhamisi. Mume wangu keshaongea na dereva wa gari la Pangani, na begi la mama liko mlangoni tangu Jumamosi. Zipu iko wazi. Kila nikitaka kuifunga ananiambia niiache kwanza.

Wenu mteja,
Fundi cherehani, Ngamiani

Nakala: nimeibandika pia kwenye ukuta wa kibanda changu, kwa wale 16 wengine.