Kitambaa cha Sungura cha Mjukuu Wangu

Mwanangu,

Umeniomba nikuelekeze kufuma kitambaa cha mtoto chenye kichwa cha sungura katikati. Kufuma unajua, ila mkono wako umezoea vitambaa vya makochi, na uzuri wa vile ni matundu na wanga. Hiki kitatafunwa, kitavutwa na kufuliwa kila mara, kwa hiyo uzuri wake ni kubana. Tundu linalopitisha kidole cha mtoto linaweza kukinasa, na uzi mmoja uliolegea ukijizungusha kidoleni unazuia damu isipite.

Nunua uzi wa pamba wa unene wa kati, gramu 100 za kitambaa na gramu 50 za kichwa na masikio. Uzi wenye manyoya uache dukani hata ukikuvutia vipi, maana manyoya hung'oka na kuishia kinywani. Kama rangi imekolea, hasa nyekundu, lowesha kipande kwa maji ya moto ukikandamize kwenye kitambaa cheupe. Ikichuja, tafuta uzi mwingine.

Anza na kichwa, kwa sindano ya kroshia ya milimita 3. Fanya kitanzi cha kukaza, weka ndani yake mishono mifupi 6, kisha vuta mkia mpaka tundu lifunge kabisa. Raundi ya pili ongeza kwenye kila mshono, yaani fuma miwili ndani ya mmoja, upate 12. Kuanzia hapo ongeza mishono 6 kila raundi: 18, 24, 30, 36. Fuma raundi 6 za 36 bila kuongeza, halafu punguza hadi 30, kisha 24. Weka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila raundi na ukihamishe unapopanda. Usipofanya hivyo utapotea, maana raundi zinazunguka bila kuungana na huoni moja inapoishia.

Kupunguza ndiko kunakoharibu vichwa vingi. Ukiunganisha mishono miwili kwa kupitisha sindano kwenye nyuzi zote za juu, unabaki na uvimbe na tundu pembeni yake, na pamba ya ndani inachungulia. Pitisha sindano kwenye uzi wa mbele tu wa mshono wa kwanza, kisha uzi wa mbele wa mshono wa pili, ndipo uchote uzi na kumaliza kama mshono mfupi wa kawaida. Ukikaza vizuri hutaona ulipopunguza.

Ukifika 24, simama utarizi uso, kwa sababu vidole bado vinaingia ndani na unaweza kufunga mafundo huko. Macho ya plastiki usiyaweke, hata yale yenye kizibo cha kukaza kwa nyuma. Ufumaji ukilowa na kuvutwa hutanuka, jicho likatoka na kizibo chake, na mtoto akapaliwa. Vifungo, shanga na kengele navyo ni hivyo hivyo. Tarizi kila jicho kwa uzi mweusi mara nne au tano mahali pamoja, kati ya raundi ya 9 na ya 10, yaachane mishono 7. Kisha punguza hadi 18, jaza, malizia na 12, na uache mkia wa sentimita 50.

Usijaze sufi, ingawa ndiyo iliyo karibu. Ikifuliwa hushikamana madonge na kuchelewa kukauka. Tumia pamba ya poliesta, vipande vidogo vidogo, mpaka kichwa kibonyee kidogo tu ukikibana. Ukishindilia, mishono inafunguka.

Masikio ni mawili: anza na 6, kisha 9, kisha 12, fuma raundi 10, punguza hadi 9. Yabane yawe bapa bila kujaza, uyashone kichwani pande zote mbili za sikio, mbele na nyuma.

Kitambaa chenyewe tumia sindano ya milimita 4. Raundi ya kwanza weka ndani ya kitanzi cha kukaza mishono mirefu 12, mitatu kila upande, na minyororo 2 kila kona. Kila raundi inayofuata weka mshono mrefu mmoja juu ya kila mshono, na kwenye kona miwili, minyororo 2, miwili. Kila upande unaongezeka mishono 4: 3, 7, 11, 15. Geuza kazi kila unapomaliza raundi, la sivyo mraba unapinda kuelekea upande mmoja. Raundi 13 zitakupa kama sentimita 30, na hapo inatosha. Kikubwa zaidi kinamfunika mtoto uso kwa urahisi zaidi.

Sasa tazama: shingo ina mishono 12, na raundi ya kwanza ya kitambaa ina mishono 12. Shona mshono kwa mshono, ukipita chini ya nyuzi zote mbili, uzunguke mara mbili. Usishone kwenye kile kitanzi cha katikati, kwa sababu kikivutwa kinafunguka. Mikia yote ipenyeze kwenda, urudi, na uende tena kabla ya kukata. Kisha shika kichwa mkono mmoja na kitambaa mkono mwingine, uvute kwa nguvu zako zote. Ukiona mwanga kati ya mishono ya shingo, fumua ushone upya.

Mpe akiwa macho na wewe unamwona. Kitandani kisilale naye mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu mtoto mchanga kikimwangukia puani hawezi kukiondoa.

Na ufume viwili vinavyofanana, kwa uzi wenye namba ile ile ya rangi kwenye lebo. Kimoja kikiwa kambani, kwa kuwa kichwa huchelewa kukauka ndani, asikikose kingine. Vibadilishe tangu mwanzo ili vichakae pamoja na kunuka sawa, maana mtoto akishazoea kimoja, kipya atakitupa.

Mama yako