Msituambie shaka ndiyo imezuia maombi

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji aliandika kwenye ukurasa huu juzijuzi akasema maombi ya wengi hayajibiwi kwa sababu wanaomba huku wana shaka, ati Mungu hamsikii mtu wa nia mbili. Naomba nafasi nimjibu, maana maneno hayo hayo tunayasikia huku kwetu Busia kila Jumapili na katikati ya wiki pia, kwenye spika mpaka usiku, na kuna watu yanawaumiza kweli.

Kuna mama tunauza naye sokoni, yeye ni wa mukene, wale dagaa wetu, mtoto wake ana siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Alipokuwa mdogo ilikuwa ni vidole, vinavimba mpaka hawezi kushika kikombe, siku hizi ni mgongo na miguu, macho yanageuka njano, analia mpaka sauti inakauka, na mama anamkanda na kitambaa cha maji ya moto huku anaita Yesu usiku kucha. Sasa mtu kama huyo utamfundisha kuomba? Alienda kwenye maombi fulani akapakiwa mtoto mafuta, akatoa mbegu, yaani sadaka ya kutarajia muujiza, ya shilingi elfu hamsini (mtaji wa mukene huo, jamani), mtoto akakaa vizuri kidogo halafu yakarudi. Kurudi kuuliza akaambiwa kuna shaka ndani ya nyumba yake. Na ushahidi wa shaka ni nini? Ni vidonge vya foliki, vile vya kusaidia mwili kutengeneza damu, na vya kuzuia malaria vilivyo juu ya kabati, ati mwenye imani haweki akiba ya dawa! Basi akaviacha, malaria ikaingia, damu ikaisha, mtoto akapelekwa hospitali amelegea kama kitambaa akaongezewa damu. Yuko hai, namshukuru Mungu na namshukuru pia huyo mtu tusiyemjua aliyetoa damu yake. Lakini mama mpaka leo ukikaa naye anakuuliza, kwani mimi shaka yangu iko wapi niitoe?

Huyo mama hana kosa lolote. Siko seli mtoto anarithi kwa wazazi wote wawili, baba ana chembe moja ya urithi ya ugonjwa huo mama ana moja, wote wazima hata hawajui, na kila mimba nafasi ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa ni moja kwa nne. Wakiwa walokole ni moja kwa nne, wakiwa walevi ni moja kwa nne. Daktari aliwaeleza hivyo wakaelewa vizuri kabisa, afu mhubiri akaja akalifuta lote kwa dakika kumi.

Huyo msomaji wenu alituletea Yakobo sura ya kwanza, mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Sawa, imeandikwa. Lakini asome na mstari wa juu yake, pale Yakobo anaongea habari ya mtu aliyepungukiwa na hekima aombe hekima, hajasema mtoto wako akiugua ujue ni wewe. Na akitaka habari ya mzazi mwenye mtoto mgonjwa iko Marko 9, baba analeta kijana wake anayeanguka motoni na majini, anamwambia Yesu kama unaweza neno lolote utusaidie, yaani KAMA, mbele ya Yesu mwenyewe! Halafu analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Na kijana akapona siku hiyo hiyo. Hakuna mahali ameambiwa rudi nyumbani ukamalize shaka kwanza.

Mimi sura ninayoipenda zaidi ni Matendo 12 na sijui kwa nini haihubiriwi sana. Herode anamuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, anamkamata na Petro. Kanisa linakesha linamwombea Petro, malaika anamtoa gerezani, anakuja anagonga mlango, yule msichana Roda anakimbia kuwaambia Petro yuko nje, na hao waombaji wanamwambia una wazimu wewe. Mnaona? Wameomba, wamejibiwa, na hawaamini, na Petro bado anagonga. Sasa niulize, Yakobo aliyeuawa mwanzoni mwa sura hiyo hiyo hakuwa na watu wa kumwombea? Imani ilipungua kwake ikaongezeka kwa Petro? Luka aliyeandika hajajaribu hata kueleza, amepita tu.

Na sisi wa Uganda ndio wa mwisho kabisa kusema maneno hayo. Kila mwaka mahujaji wanapita hapa mpakani kwa miguu wakitokea Kenya, miguu imepasuka, wanaenda Namugongo, mahali pa mashahidi wa Uganda, kwa ajili ya tarehe 3 Juni. Siku hiyo mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na walikufa wanasali. Moto haukuzimika. Leo nani anaweza kusimama pale Namugongo aseme wale vijana walikuwa na shaka? Atafukuzwa. Ila mama wa mukene yeye tunamwambia, kwa sababu ni maskini na hana wa kumtetea.

Mimi naomba, nisieleweke vibaya, naomba asubuhi na jioni, na kuna siku naomba nikiwa sina uhakika kama kuna mtu anasikia, na bado naendelea. Daudi aliuliza Mungu utanisahau mpaka lini na ikawekwa kwenye Zaburi tunaimba. Jirani zangu Waislamu nao wananiambia habari ya Zakaria ni ile ile hata kwenye Kurani, ameomba mtoto, ameambiwa atapata, na bado anauliza itakuwaje na mimi mzee na mke wangu tasa. Alimpata Yahya, ndiye Yohana Mbatizaji wetu.

Kwa wachungaji naomba kitu kimoja tu. Makanisa mengi hapa hayafungishi ndoa mpaka muonyeshe karatasi ya kupima ukimwi na hakuna anayeita hiyo kukosa imani. Basi waongeze na kipimo cha siko seli, wachumba wajue mapema. Na mtoto akiletwa mbele kuombewa, kabla ya mafuta aulizwe mama yake kama leo mtoto amemeza foliki, kama analala kwenye neti, kama anakunywa maji ya kutosha, halafu ndio waombe, hata kwa kelele, sina neno na kelele.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa sokoni, Busia, Uganda