Mwanangu, udi ubaki nyumbani

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Mimi huku Dar es Salaam sijambo, alhamdulillahi, joto tu ndilo limezidi. Mama yako alinipigia simu usiku, akaniambia safari ya Pemba imeshapangwa na tiketi za boti zimeshakatwa, ila nyinyi wawili mmevutana juu ya udi wako, kile chombo cha nyuzi unachojifunza kupiga. Wewe unataka uende nao, yeye hataki, na mwisho mmekubaliana nikate shauri mimi. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu tungekatizana, na mambo haya yanataka kusomwa taratibu.

Udi ubaki. Wewe nenda Wete kwa bibi yako, mikono mitupu, ukae huko mpaka skuli zikaribie kufunguliwa.

Najua kinachokutia hofu. Una mtihani wa udi chuoni likizo ikimalizika, na mwenzako anayepiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, amekwambia yeye hatoacha hata siku moja. Unaona ukiuweka udi chini vidole vitasahau, na ulichokihangaikia mwaka mzima kitapotea. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu haimpati mtu asiyependa anachokifanya. Lakini hebu utazame mji uliozaliwa. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, taarabu Unguja inanyamaza. Watu wanamaliza vunja jungu yao, fidla na akodiani zinarudi ndani ya mikoba, madumbaki yanawekwa pembeni, na mafundi waliozoea kukesha na nyuzi wanakesha na ibada. Mwezi mzima! Kisha Idi inaingia, watu wamevaa mapya, ukumbi umejaa, bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, inaanza, na wale wale walionyamaza siku zote hizo wanapiga hadi watu wanainuka kwenda kutunza. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Hesabu mwenyewe ni Ramadhani ngapi zimepita tangu hapo, na nyimbo zake bado ndizo unazofundishwa leo. Kama kupumzika kungeua taarabu, Unguja isingekuwa na taarabu.

Wapigaji hao hawakurudi ukumbini wakiwa wageni wa vyombo vyao. Jambo ambalo mkono umelijua kweli haliondoki kwa majuma machache. Watu wanaochunguza ubongo wameeleza kwamba mtu anapojifunza kazi ya vidole, ubongo unaendelea kuipanga kazi ile hata baada ya kuiacha, khasa akiwa amelala. Nadhani hata wewe umeshaliona hili: kipande kinakugomea usiku, unakiacha kwa hasira, asubuhi kinapita chenyewe. Kinachopungua ukipumzika ni vitu vya juu juu. Sugu za ncha za vidole vya mkono wa kushoto zitalainika kidogo, na kasi ya risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, itashuka. Vyote viwili vinarudi upesi.

Sasa nikwambie linaloniumiza zaidi. Mama yako anasema kifundo cha mkono wako wa kulia kinakuuma, na kwamba unakificha. Amekuona unakikanda chini ya meza wakati wa kula, na asubuhi unafungua mfuniko wa chupa ya chai kwa mkono wa kushoto. Mwanangu, usinifiche maumivu. Kupiga risha ni kazi ya kifundo hicho hicho, juu chini, juu chini, saa nzima bila kusita, na mishipa ya mkono ikishavimba haiponi kwa kukazaniwa. Ukiendelea kupiga juu ya maumivu, mkono wenyewe utajifunza njia ya kukwepa: bega litapanda, kidole gumba kitakaza, na makosa hayo yataingia ndani ya upigaji wako yakae. Kuyatoa ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya. Nimemwomba mama yako akupeleke kwa daktari kabla ya safari, na akisema upumzike zaidi ya likizo hii, basi utapumzika. Mtihani unaweza kungoja. Mwalimu wako nimeshaongea naye, na hana neno.

Tena wewe una umri mkubwa mbele yako. Mwimbaji wetu Siti binti Saad alikuwa mtu mzima alipotoka kijijini Fumba kuhamia mjini, mwaka 1911, na ilikuwa 1928 alipokwenda Bombay kurekodi sahani zake. Na Bi Kidude, mwimbaji mwengine wa Unguja, aliimba mpaka uzee wake wa mwisho, Mungu amrehemu, alifariki mwezi wa Aprili 2013. Muziki wetu ni wa watu waliokaa nao muda mrefu. Nataka na wewe ukae nao hivyo, na mkono mzima.

Kuhusu udi wenyewe, uache vizuri. Usiulegeze nyuzi mpaka zikaninginia. Zungusha kila kigingi kidogo tu, nyuzi zote kumi na moja zipungue mkazo kwa usawa, kisha uutie kwenye mkoba wake na risha yake. Usiuweke chumba cha juu chini ya bati, kule mchana ni tanuri, na gundi inayoshika zile mbao nyembamba za mgongoni haipendi joto. Usiuache karibu na dirisha la upande wa bahari pia. Ukuta wa ndani wa chumba chetu, nyuma ya kabati, pana baridi kidogo na hapana mtoto wa kupita akaugonga. Na tafadhali usiufute uso wake kwa mafuta ya nazi kama alivyokushauri jirani. Ule uso hautiwi kitu, unafutwa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Huko Pemba usijitafutie udi wa kuazima. Najua utafikiria. Kaa na bibi yako. Kama karafuu zitakuwa hazijamalizika, utamkuta uani na mafungu yake, watu wamezunguka majamvi wanachambua. Mtazame anavyofanya: anashika kishada kwa mkono mmoja, anakisukumia kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, karafuu zinadondoka upande huu, makonyo yanatupwa upande ule, na mdomo wake muda wote unahadithia. Wewe mwaka huu usichambue, kwa ajili ya huo mkono. Anika, geuza, chunga mvua, na kula shokishoki. Nenda pwani na binamu zako. Lala mchana kama unataka kulala, hakuna atakayekuuliza.

Masikio yako lakini siwezi kuyapa likizo, na najua hutaki. Mwalimu anasema kwenye bayati, ile ngazi ya sauti za Kiarabu, sauti ya pili inakusumbua, unaiweka juu mno, kwa sababu umezoea kinanda cha skuli ambacho sauti ile hakina. Udi hauna vipande shingoni vya kukuonesha mahali. Kidole kinakwenda pale sikio linapokituma, kwa hiyo dawa ya kosa hili iko kwenye sikio. Wasomaji wa Kurani wa mtindo wa Misri huanza kwa bayati, na bibi yako anazo kaseti zao, anaziweka baada ya alasiri. Kaa naye usikilize kwa adabu, usivunje udhu wa mtu kwa maswali. Sauti ile ukishaizoea hivyo, siku utakayoshika udi kidole kitaitafuta chenyewe. Na ukisikia kuna ngoma ya msewe inachezwa kijijini, nenda. Ile misewe, njuga zinazofungwa miguuni, inahesabu mapigo kwa uhakika ambao hakuna mashine itakayokufundisha, na upigaji wako, nakwambia kwa mapenzi, unakimbia kidogo mahali pa haraka.

Ukirudi Unguja usikimbilie bashrafu. Siku ya kwanza kaza nyuzi pole pole, mpe kila uzi nafasi ya kutulia, kwani zitakuwa zinashuka shuka. Piga ngazi ya rasti taratibu, mara chache, uache. Ncha za vidole zikianza kuwaka moto, acha hapo hapo hata kama nafsi inataka zaidi. Siku inayofuata ongeza kidogo. Nyimbo zirudi baada ya juma hivi, na zile ngumu za mwisho ziwe za mwisho. Mkono ukiuma, mwambie mama yako siku hiyo hiyo, au nipigie mimi, hata nikiwa kazini.

Bahari ya mwezi huu ina upepo wa kaskazi, kwa hiyo kwenye boti kaeni upande wa nyuma, chini, na usile kitu kizito kabla ya kupanda. Mfuko wa dawa za presha za bibi nimempa dereva anayekuja Jumamosi. Mama yako anajua. Msalimie bibi, mwambie namshika miguu, na mwambie kanga alizoagiza nimezipata zile za rangi aliyotaka.

Nakupenda sana, na nafurahi sana kwa namna unavyoupenda udi.

Baba yako