Malalamiko: Mmeniuzia Superman II ya Lester kwa Jina la Donner

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUUZIWA TOLEO LISILO LENYEWE LA FILAMU YA SUPERMAN II

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenye duka lenu la filamu la mtandaoni Superman II, toleo la mwongozaji Richard Donner. Ukurasa wenu wa mauzo unasema hivyo waziwazi: jina la Donner liko juu ya jalada, maelezo yanamtaja mwigizaji Marlon Brando, na urefu umeandikwa dakika 116. Nilipoifungua, mapema tu filamu ikanipeleka Paris, kwa magaidi walioteka Mnara wa Eiffel wakiwa na bomu la haidrojeni. Palepale nikajua nimepewa kitu kingine, maana katika toleo la Donner hakuna Paris. Hata hivyo niliitazama mpaka mwisho, nisije nikawasingizia. Brando hakutokea hata mara moja. Ikaisha baada ya dakika 127, na mwongozaji anayetajwa ni mmoja tu, Richard Lester.

Niliwasiliana na kitengo chenu cha huduma. Nikajibiwa kwamba filamu ni ileile, matoleo yanatofautiana kwa picha chache za nyongeza, na kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Kosa la kupachika faili lisilo lake ningelivumilia, kwa kuwa linaweza kumtokea yeyote. Jibu hilo ndilo lililonikera. Aliyeliandika anauza filamu bila kujua anachouza, na kesho atamjibu mteja mwingine hivyo hivyo. Ndiyo maana barua hii ni ndefu kidogo. Naomba isomwe yote.

Kwanza, matoleo haya hayakuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1977 Donner alianza kupiga filamu mbili kwa mpigo, ya kwanza na ya pili, chini ya watayarishaji Alexander na Ilya Salkind pamoja na Pierre Spengler. Kazi kubwa ilifanyika katika studio za Pinewood, Uingereza. Muda na bajeti vilipobana, wakasimamisha ya pili ili wamalize ya kwanza, iliyotoka Desemba 1978. Wakati huo sehemu kubwa ya ya pili ilikuwa tayari imepigwa. Lakini uhusiano wa Donner na watayarishaji ulishaharibika, na mwaka 1979 wakamwondoa. Nafasi yake akapewa Lester, aliyewahi kuwafanyia kazi akina Salkind katika The Three Musketeers ya mwaka 1973.

Lester hakumalizia tu pale mwenzake alipoishia. Aliandikiwa matukio mapya, akapiga upya mengi, na filamu ikabadilika sura. Gene Hackman hakurudi, kwa hiyo kila mahali uso wa Lex Luthor, adui wa Superman aliyemwigiza, unapoonekana vizuri ni kazi ya Donner, na penginepo ni mtu mwingine aliyesimama badala yake na mwingine aliyeiga sauti yake. Mpiga picha Geoffrey Unsworth alikuwa amefariki mwaka 1978. Mtunzi wa muziki John Williams naye hakuendelea, na Ken Thorne akatengeneza muziki kutokana na tuni zake. Brando, aliyekuwa amekwisha kurekodi sehemu zake za Jor-El, baba wa Superman, aliondolewa kabisa kutokana na mgogoro wa mgao wa mapato. Maneno ya baba akapewa mama, Lara, aliyeigizwa na Susannah York.

Hapo ndipo jibu la kitengo chenu linapovunjika. Kumwondoa baba katika hadithi hii si kupunguza picha chache. Filamu ya kwanza inamwonyesha Jor-El akimtuma mwanawe mchanga duniani na kumwambia kwamba mwana atakuwa baba na baba atakuwa mwana. Ile ni ahadi, na ililengwa itimie katika filamu ya pili. Kwa Donner, Clark Kent, yaani Superman katika maisha ya kawaida, anakwenda katika Ngome ya Upweke, maficho yake, kumwambia baba yake kwamba anampenda Lois Lane, mwandishi mwenzake wa habari, na anataka kuishi kama mwanadamu. Baba anamhoji na kumkumbusha wajibu wake, mwana anang'ang'ania. Lois amesimama pembeni, amevaa fulana ya bluu ya Superman yenyewe, na ile sura ya Brando inamgeukia na kumtazama. Hamwambii neno. Ni taswira iliyorekodiwa tu, ya mtu aliyekufa zamani, lakini mtazamaji anamwona mkwe anayepimwa na kuonekana amepungua. Binafsi naona hapo ndipo filamu nzima inapogeuka kutoka mambo ya kuruka angani na kuwa habari ya nyumba moja na kijana wake.

Baadaye Clark, akiwa amekwisha kupoteza nguvu, kupigwa na dereva wa lori katika mgahawa na kuona damu yake kwa mara ya kwanza, anarudi katika Ngome iliyozimika na kumlilia baba. Jor-El anatokea. Alijua siku hii ingefika na alijiwekea nishati ya mwisho, akijua kwamba akiitumia hata ile taswira yake haitaonekana tena. Anamshika mwanawe, na ahadi ya filamu ya kwanza inatimia. Baba anakwisha ili mwana asimame.

Katika faili mliloniuzia, mambo yako hivi: Clark anarudi katika Ngome, analia, anaona kioo cha kijani kinawaka, kisha tunahamishwa pengine. Tunapomwona tena, yuko hewani nje ya jengo la gazeti la Daily Planet, nguvu zote zimerudi. Zimerudije? Hatuambiwi. Miaka mingi watazamaji walilichukulia hilo kama uzembe wa hadithi, kumbe jibu lilipigwa, likahifadhiwa, na likazuiliwa kwa sababu ya hela. Mtu aliyelipia toleo la Donner analipia jibu hilo zaidi ya kitu kingine chochote.

Chukueni na tukio la Lois kugundua siri ya Clark. Kwa Lester liko hotelini, Niagara. Lois anajirusha mtoni ili amlazimishe Clark kujifichua, Clark anamwokoa kwa ujanja bila kubadilisha nguo, na Lois anabaki ameaibika. Baadaye, chumbani, Clark anajikwaa, mkono wake unatumbukia katika moto, na Lois anauona hauna hata alama. Si tukio baya. Margot Kidder, anayemwigiza Lois, analibeba vizuri, na Christopher Reeve, anayemwigiza Clark, anapovua miwani na kunyoosha mabega unaona mtu mwingine kabisa akitokea mbele yako. Lakini Clark anafichuka kwa kujikwaa, au labda moyo wake ndio uliotaka afichuke, na Lois anapewa ushindi bila kuutafuta.

Kwa Donner, Lois ni mwandishi wa habari kweli. Filamu ikianza tu anachukua picha ya Superman gazetini na kuichorea kofia, miwani na suti, na Clark Kent anamtazama kutoka kwenye karatasi. Anajirusha dirishani ofisini kujaribu wazo lake, Clark anamwokoa kwa pumzi, Lois anaangukia juu ya turubai kisha kwenye matunda. Halafu hotelini anamtolea bastola na kumpiga risasi kifuani. Clark anasimama wima, anakiri, anamkaripia kwamba kama angekosea Clark Kent angekuwa maiti. Naye Lois anamjulisha kwamba risasi ilikuwa tupu, ya mlio tu. Amemshinda kwa akili, akijua anachofanya.

Tukio hilo Donner hakuwahi kulipiga rasmi. Mwaka 2006, mhariri Michael Thau alipolijenga upya toleo hili kutokana na mikanda ya zamani, alitumia picha za usaili, zile zilizopigwa kuwajaribu waigizaji kabla kazi haijaanza. Ukiangalia kwa makini unaona Reeve ni mwembamba katika baadhi ya picha na amejaa katika nyingine, nywele zinabadilika, miwani nayo inabadilika, ndani ya mazungumzo yaleyale. Kovu hilo halikufichwa, na mimi nalipenda. Anayeuza toleo hili anatakiwa ajue kovu hilo lipo na awaambie wateja wake, kwa sababu ndilo linaloonyesha hii ni filamu iliyookolewa, haikumaliziwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi Donner ana kila kitu na Lester hana chochote. Mwisho wa Lester, Clark anapombusu Lois ofisini na kumfutia kumbukumbu, una uchungu ambao mwisho wa Donner hauna, hata kama hakuna mahali tulipowahi kuambiwa kwamba busu lake lina uwezo huo. Kabla ya busu, Lois anaeleza jinsi ilivyo vigumu kumwona kila siku na kunyamaza, na Kidder hapo ni wa kiwango cha juu kabisa. Toleo la Donner linamalizia kwa Superman kurudisha wakati nyuma, tendo lililokusudiwa tangu mwanzo kufunga filamu ya pili lakini likahamishiwa mwisho wa ile ya kwanza. Kwa mtu anayezitazama zote mbili mfululizo, ni jambo moja mara mbili. Isitoshe, wakati ukisharudi nyuma, Clark anakwenda tena katika ule mgahawa kumlipizia dereva wa lori ugomvi ambao sasa haujatokea. Hilo halina utetezi.

Pia mapigano ya Superman na Zod na wenzake, wahalifu kutoka sayari alikozaliwa, katika jiji la Metropolis ni kazi ya Lester kwa sehemu kubwa, na hata toleo la Donner lilibidi liyatumie, kwa kuwa Donner hakupewa nafasi ya kumaliza. Nisichokipenda kwa Lester ni vichekesho anavyovimwaga humo, mtu anayeendelea kuongea na simu huku upepo wa Zod ukimpeperusha, wakati watu wako hatarini. Terence Stamp anamwigiza Zod kwa utulivu wa kutisha, na kila kichekesho kinampunguzia. Yeye hakuhitaji kuchekeshewa mtu pembeni.

Nimeyaeleza haya yote ili mwone kwamba mteja anayetaka toleo mojawapo ana sababu. Wengine wanataka la Lester kwa kuwa ndilo walilolijua tangu lilipoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 1980 na kuingia Marekani mwaka 1981. Wengine wanataka la Donner kwa kuwa mashabiki walilidai kwa miaka mingi, kwa barua na maombi, mpaka likatolewa Novemba 2006 na kuwekwa wakfu kwa Christopher Reeve, aliyefariki mwaka 2004. Donner mwenyewe alifariki mwaka 2021, lakini aliwahi kuiona kazi yake ikiitwa kwa jina lake. Kampuni inapolibandika jina hilo juu ya filamu iliyotengenezwa baada ya yeye kufukuzwa, inamrudisha palepale alipokuwa mwaka 1979. Na Lester naye anaibiwa, maana kazi yake inauzwa bila jina lake kwenye jalada.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Nipewe faili sahihi la toleo la Donner, au nirudishiwe fedha zangu zote kwa njia ileile niliyolipia, si kwa pointi za kununulia filamu nyingine dukani kwenu. Matoleo haya mawili yawekwe kwenye kurasa mbili tofauti, kila moja likiwa na jina la mwongozaji, mwaka wa kutolewa na urefu wake halisi, na mtu aangalie angalau dakika kumi za mwanzo za kila faili kabla ya kulirudisha sokoni. Ukikuta Paris mapema ni la Lester. Ukikuta kesi ya Zod akihukumiwa na Jor-El mwenye sura ya Brando, ni la Donner. Wote walionunua kupitia ukurasa huo wajulishwe, kwa sababu wengi wao hawatajua kwamba walichotazama sicho walicholipia. Na jibu lile kwamba filamu ni ileile lifutwe katika maelekezo mnayowapa wahudumu wenu.

Jambo moja nalisisitiza. Msitatue lalamiko hili kwa kuliondoa toleo la Lester dukani. Najua hiyo ndiyo njia rahisi, na duka likiwa na faili moja halitakosea tena. Lakini bila la Lester hakuna cha kupimia alichokusudia Donner, na wapo wanaolipenda kwa haki yao. Nitakuwa wa kwanza kulinunua, likiwa na jina lake.

Nimeambatanisha picha ya ukurasa wenu wa mauzo, risiti ya malipo, na picha ya skrini ya filamu ikiwa kwenye tukio la Mnara wa Eiffel. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu aliyeyatazama matoleo yote mawili.

Wako katika kusubiri jibu,

Mteja wenu