Majina ya wapagazi yako wapi?

Mhariri,

Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara wa waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Jiwe la kawaida tu, lakini lisome taratibu: jina la ukoo mmoja mara mbili, mara tatu, na mara nyingi hao walikuwa ndugu wa nyumba moja. Wa 1939 hadi 1945 waliongezwa baadaye, palipobaki nafasi.

Sisi je? Katika vita hiyo hiyo ya kwanza, wapagazi wa majeshi ya wakoloni walisombwa vijijini kwa maelfu, wakabeba risasi na vyakula hadi wakamalizwa na kuhara na malaria. Sanamu ya Nairobi ya 1928 inamwonyesha mpagazi pamoja na askari, ila haimtaji hata mmoja kwa jina. Kariakoo yenyewe ni “Carrier Corps”, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, katika matamshi yetu, nasi tunaijua kwa mitumba tu! Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa ubaguzi wa kutowakumbuka wafu wengi Waafrika kwa majina kama Wazungu.

Serikali za vijiji ziwaulize wazee sasa: babu yupi alichukuliwa asirudi? Majina hayo yaandikwe, hata kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.

Msomaji wako,
Dar es Salaam